Mpishi Hajaonja

Mwantum alisema kunyamani ataipika, tena ataipika akiwa amefunga Ramadhani yake, na asiyetaka aende akale mishikaki barabarani. Alisema hivyo mbele ya Mélissa, mbele ya mzee Aloys aliyekuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na mbele ya Nsimire aliyekuwa amebeba ndoo ya maji na kwa mshangao akasahau kuitua.

Kunyamani, kwa asiyeijua, ni mkate wa Wabretoni, watu wa pwani ya Ufaransa. Ni matabaka ya unga, siagi na sukari, unaoiva mpaka sukari inageuka karameli na ukoko wake unavunjika kwa kelele. Jina lake la kwao ni refu na linakwaruza koo, kwa hiyo jikoni pa Ti Ziwa walilifupisha zamani na likakaa hivyo.

Na Ti Ziwa ni nyumba ya wageni ya Ruziba, kando ya ziwa pembeni mwa Bujumbura, vyumba sita tu, ukitoka barazani hatua thelathini umeingia majini. Mzee Aloys aliijenga aliporudi kutoka Bretania, alikopika miaka ishirini kwenye mgahawa wa bandarini. Mkewe wa huko alikuwa amefariki. Alirudi na binti wa miaka minane, Mélissa, na chuma kizito cha mviringo cha kupikia galette, zile chapati zao nyembamba za unga mweusi. Watu wa Rohero, mtaa wa maofisi mjini, wakamcheka kidogo, halafu wakaanza kuja kila wikendi, maana pale hakuna redio, hakuna honi, hakuna mtu anayekupigia kelele za “karibu bosi”. Unakula samaki wako, unasikia maji, unalala. Ofisi zinachosha watu, jamani.

Mwantum aliingia pale kuosha sufuria. Siku ya tatu mzee Aloys aliitwa nje, akaacha galette inaungua juu ya chuma, na Mwantum akaigeuza kwa vidole bila hata kufikiri, maana mama yake alikuwa muuza chapati wa mtaa wa Buyenzi na yeye alizaliwa karibu na tawa. Mzee aliporudi akaitazama ile galette, akamtazama yeye, akamwondolea sponji mkononi. Ilikuwa miaka ishirini na moja iliyopita.

Sasa Desemba hii kiharusi kilimpiga mzee. Kilichukua mkono wa kushoto, kikachukua miguu, na kikaondoka na ladha yote mdomoni. Chumvi, sukari, pilipili, kwake vyote vikawa pamba. Mélissa, ambaye sasa ni mtu mzima na kazi yake iko Brest, huko huko Bretania, akapanda ndege aje aamue mambo ya nyumba. Na alipofika alimkuta Landry, mwenye baa mbili mjini, keshakuja mara tatu na karatasi zake. Landry alitaka kukodi kiwanja chote na kuweka baa ya ufukweni yenye muziki mpaka asubuhi.

“Mama Mwantum,” Mélissa alisema, “sikatai, unajua kupika. Mi nimekulia kwenye galette zako. Lakini tusidanganyane. Mwaka mzima unaonja mwenyewe, d'accord. Ramadhani baba ndiye alikuwa anakuonjea. Sasa baba haonji tena. Jiko litakaa mwezi mzima bila ulimi? Wageni wale chumvi ya kubahatisha?”

“Mi sibahatishi.”

“Unajuaje, basi?”

“Nasikia.”

Mélissa alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa amechoka, baba yake mgonjwa, na kila mtu Bujumbura alikuwa na ushauri wa kumpa. Akasema Jumatatu asubuhi lazima ampe Landry jibu. Kwa hiyo Jumapili mchana Mwantum apike kama alivyokuwa akipika mzee: kotriade, yaani supu nzito ya samaki wa wavuvi, kisha galette, kisha kunyamani. Chakula kikinyooka, nyumba inabaki kama ilivyo na funguo zote anashika Mwantum. Kisiponyooka, asimchukie.

Ndipo Mwantum alipotoa ile kauli ya mishikaki.

Hebu nieleze hii habari ya kusikia, maana hata Buyenzi kuna waliomwona ana kichaa. Wako wanaosema mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusa chakula kwa ncha ya ulimi na kutema. Mwantum hakubishana nao, ila yeye mwenyewe hakutaka. Ramadhani ulimi wake ulikuwa likizo, basi. Siku nyingine mzee Aloys alichelewa kuja kuonja, na yeye akasimama pale akisubiri, na katika kusubiri akaanza kusikiliza. Siagi ikiguswa na chuma inalia kwanza, maji yake yakitoka. Halafu inanong'ona. Halafu inanyamaza, na hapo ndipo unamwaga unga, si kabla. Supu inayohitaji muda inachemka kwa sauti nyepesi; iliyokolea inabwatabwata. Ukoko wa kunyamani unaugonga kwa ukucha na unakujibu. Ramadhani ishirini za namna hiyo, masikio yake yalijua jiko lile kuliko midomo ya watu wengi.

Na alilitaka jiko lile. Sitaficha. Alilitaka mpaka likamkosesha usingizi. Kurudi kuuza chapati kwenye baraza la mtu si aibu, mama yake alisomesha watoto watano kwa kazi hiyo. Lakini Mwantum alikuwa na miaka arobaini na mitano, na kitu kimoja duniani alichokijua mpaka kwenye mfupa kilikuwa ndani ya kuta zile nne.

Jumapili alikula daku chumbani kwa wafanyakazi, akaswali alfajiri, akaingia jikoni. Umeme ulikuwa umekatika. Akaegemeza simu kwenye kopo ili imulike, akaanza na unga wa kunyamani, maana unahitaji kupumzika kabla ya kukunjwa na tena baada ya kukunjwa. Siagi ilikuwa kwenye bakuli lake la bati, mahali pake pa siku zote. Ti Ziwa walitumia siagi ya masista wa mlimani, siagi nzuri ila haina chumvi kabisa, na siagi ya Wabretoni lazima iwe na chumvi. Kwa hiyo mzee Aloys alimfundisha kuitia mwenyewe: mafumba matatu ya vidole kwenye siagi, fumba moja kwenye unga. Mkono wake ulifanya hivyo peke yake, gizani, kama ulivyofanya miaka yote.

Unga ulipokwisha kupumzika, alipotaka kuweka kipande cha siagi juu ya chuma akisikilize, ndiyo muziki ulipoanza.

Ulikuwa muziki wa kutikisa vikombe. Landry alikuwa ameleta pikapu yake mpaka ufukweni, spika mbili ndefu zimesimama nyuma, na vijana wake wanajaribu sauti. Mwantum aliinama juu ya chuma, sikio karibu liungue. Hakusikia kitu ila ngoma.

“Nsimire! Njoo uonje huu unga.”

Nsimire alikuja mbio, akachovya kidole, akalamba. “Bon kabisa, dada! Bon sana!”

Sasa huyu Nsimire ni mtu wa Uvira, Kongo, moyo wa dhahabu, ana miezi mitatu tu pale, na mdomoni mwake hakuna kibaya. Ungempa maji yaliyooshea sufuria ya ugali angesema bon. Mwantum akamtazama, akatikisa kichwa, akaendelea kukunja unga na roho yake haijatulia hata kidogo. Alivumilia muziki saa nzima. Alivumilia saa ya pili. Mgeni wa chumba namba mbili alitoka na mto kichwani akauliza kama kuna harusi. Hapo Mwantum akajifuta mikono, akafunga kitenge vizuri, akatoka.

“We bwana, zima hiyo kitu.”

“Mama, ni essai tu, tunajaribu,” Landry alisema akicheka. Alikuwa kijana wa watu, amevaa vizuri, ananukia. “Kesho hapa ni kwangu.”

“Kesho ni kesho. Leo wageni wamelala na mi niko kazini. Nasikiliza chakula.”

“Unasikiliza chakula!” Landry aliwageukia vijana wake. “Kinasema nini, mama?”

“Kinasema uzime.”

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwantum hakucheka wala hakurudi nyuma. Alikwenda akasimama mbele ya spika, mgongo umeigusa, akakunja mikono. Mlio ule ulimtetemesha meno. Landry alimwambia atoke, akamwambia tena kwa heshima, akamwambia mara ya tatu bila heshima sana. Mwantum hakubanduka. Barazani mzee Aloys alikuwa amesukumwa mpaka ukingoni, na akainua mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, akaushusha polepole. Landry akaona ni bora aonekane mwema. Muziki ukakatika. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kimya kilirudi na maji yakasikika. Mwantum aliingia jikoni, akawasha moto, akaweka kipande cha siagi juu ya chuma.

Ililia, sawa. Ikanong'ona, sawa. Halafu pale ilipotakiwa kunyamaza ikaanza kupasukapasuka, vimlio vidogo, vya kukatakata. Akaweka kipande kingine. Vilevile. Alilivuta bakuli mpaka dirishani, kwenye mwanga, na akaona: siagi ilikuwa ya njano iliyoiva, si nyeupe ya masista, na ndani yake kulikuwa na punje zinazong'aa. Alifungua pipa la taka. Chini ya maganda ya viazi kulikuwa na karatasi za dhahabu zenye maandishi ya Kifaransa.

Siagi ya Bretania yenyewe, yenye chumvi yake. Na yeye ameitia chumvi mara ya pili.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja na masanduku kutoka Ufaransa. Amenitegea? aliwaza. Huyu mtoto niliyemsuka nywele, amenitegea? Hasira ilimpanda mpaka macho yakajaa, na alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Akasimama. Saa nne na robo. Wageni mezani saa saba. Maneno baadaye.

“Nsimire, mwaga huo unga.”

“Kipande gani, dada?”

“Wote.”

Nsimire alishika kichwa. “Mungu wangu! Dada, gusa tu na ulimi, uteme. Pengine si mbaya. Mungu anaona hii shida.”

“Mungu anaona, na mi nimesikia. Mwaga.”

Unga wa kunyamani wenye hamira hautengenezwi kwa saa mbili na nusu, hilo hata malaika hawezi. Mwantum alisimama katikati ya jiko, macho amefumba, na kilichomjia ni baraza la Buyenzi na mikono ya mama yake. Chapati nayo ina matabaka. Unasukuma, unapaka mafuta, unaviringisha iwe kamba, unaizungusha iwe konokono, unaiacha itulie, unaibonyeza. Haihitaji hamira wala nusu siku. Inahitaji mkono.

Akakanda upya, akausukuma ukawa mwembamba mpaka meza ikaonekana kwa chini. Akatoa kwenye friji paketi ya siagi ile ya dhahabu ambayo mkono wake ulikuwa haujaitia chumvi, akapaka, akanyunyiza sukari, akaviringisha, akazungusha. Ilipofika zamu ya chumvi, mkono ulikwenda kwenye kibakuli, ukasimama hewani, ukarudi. Hakutia hata punje. Wakati konokono zimepumzika alikwangua mukeke, samaki wa ziwani, akakata sangala, akaweka viazi na vitunguu motoni. Nsimire alimenya, akafuta, akakimbia, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusema neno. Zile konokono zilianzia juu ya chuma na zikamalizikia ovenini, na Mwantum akapiga magoti mbele ya mlango wa oveni akisikiliza sukari inavyochemka, mpaka sauti ikawa nzito na ya polepole. Akatoa. Akagonga kwa ukucha. Ikajibu.

Saa saba walikaa mezani barazani: wageni wanne, Mélissa, mzee Aloys, na Landry ambaye Mélissa alimwalika, maana alitaka kila kitu kiwe wazi. Mwantum alisimama nyuma ya pazia la jikoni. Kotriade ililiwa mpaka mabakuli yakakwanguliwa. Galette za sangala wa kukaushwa kwa moshi na yai zilikwenda, Landry akaomba ya pili, halafu akaomba pilipili, na mgeni wa chumba namba mbili akamwangalia vibaya. Mélissa alikula yote. Uso wake haukuonyesha lolote.

Kunyamani ilipofika, mzee Aloys alichukua kipande chake, akakisogeza sikioni, na kukivunja hapo. Ukoko ulilia. Alitafuna muda mrefu na mdomo wake uliopinda.

“Hii si ya kwangu,” alisema.

Mwantum alishika pazia.

“Hii ni ya Buyenzi,” mzee akasema, na akanyoosha mkono achukue kipande kingine, yeye ambaye hakuhisi ladha ya kitu chochote.

Mélissa alikula chake nusu, akakaa. Landry akamwuliza, enhe, vipi? Akajibu kwamba jibu atatoa kwa wakati wake, akainuka, akaondoka na sahani.

Mchana ule ulikuwa mrefu, acheni tu. Mwantum aliosha sufuria ambazo Nsimire alikwisha kuziosha. Akaswali alasiri. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, midomo imekauka, akitazama maji, na hakwenda kumtafuta mtu. Alijua kwamba akianza kuomba hatanyamaza.

Jua lilipogusa milima ya Kongo ng'ambo, Mélissa alikuja na sahani imefunikwa kitambaa. Akaiweka mezani jikoni, akavuta kiti, akakaa.

“Nilikuwekea kipande,” alisema. “Mpishi hajaonja. Siwezi kusema langu kabla yake.”

Walisubiri magharibi. Simu ya Mwantum ilipoadhini, alisema bismillah, akala tende, akanywa maji, akanywa tena. Kisha akafunua kitambaa. Nsimire, aliyekuwa mlangoni nyuma ya Mélissa, alianza kumfanyia ishara kwa mikono yote miwili: sema bon, dada, sema bon! Mwantum alimwona. Alijua pia kwamba neno dogo tu lilikuwa limesimama kati yake na zile funguo. Akauma, akatafuna, akafumba macho.

“Chumvi imepungua,” alisema.

Nsimire alifunika uso.

“Imepungua kiasi gani?” Mélissa aliuliza.

“Fumba moja, lile la kwenye unga. Siagi iko sawa, unga nimeunyima. Niliogopa.” Mwantum aliweka kipande chini na kumtazama usoni. “Niliogopa kwa sababu mutu alibadilisha siagi yangu usiku bila kunambia. Unga wa kwanza niliumwaga wote. Ulinitegea, Mélissa?”

Mélissa alikuwa mwekundu mpaka masikioni. “Apana! Apana, mama, wallahi kama unavyoapa wewe. Nilitaka upate siagi ya kweli. Nilitaka ushinde, na nikaona aibu kukusaidia watu wakiona.” Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya utotoni. “Kosa ni langu basi.”

“Siagi ni yako. Woga ni wangu. Usinisaidie tena kimya kimya.”

“Sitarudia.” Mélissa alivuta pumzi. “Mchana nilipoonja, nilijua chumvi imepungua. Nikajiambia, nikimwuliza na akaniambia ni nzuri, kesho nasaini na Landry. Akiniambia ukweli, jiko hili lina ulimi, hata kama unachelewa mpaka magharibi.”

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa zile funguo za mzee Aloys zenye kamba ya bluu, akaziweka juu ya meza karibu na tende. Nsimire alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka chumba namba sita. Mwantum hakupiga kelele. Akazichukua, akazifunga kwenye pindo la kitenge, fundo mara mbili.

“Nsimire,” alisema, “lete unga.”

“Sasa hivi? Dada, kula kwanza! Pumzika!”

“Magharibi naswali, halafu tunaanza. Kesho asubuhi wageni wanaondoka, nataka waondoke na kunyamani iliyo sawa. Na usiku huu wote naruhusiwa kuonja.”

Aliporudi kwenye swala unga ulikuwa tayari kwenye sinia, na Mélissa amejifunga aproni ya baba yake. Mwantum alitia fumba moja la chumvi, akakanda, akachovya kidole, akaweka kwenye ulimi. Akafikiri kidogo, akaongeza punje mbili.